Uso wa Leonsia

Odeta Kagoma alirudi kutoka kwenye kumbukumbu ya mtu mwingine akilia, na hilo halikumshangaza mkufunzi wake, Edista. Karibu wote hulia. Wengine hutapika. Lakini Odeta alipovuliwa utepe uliokuwa umemzunguka paji la uso, alimshika Edista mkono na kumwambia neno ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kulisema.

"Yule binti garini alikuwa mwanangu."

Edista Bukuru alimpa maji, akamwambia kwamba mambo hayo hutokea, kwamba akili ikiogopa hutafuta watu wake. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kusema. Odeta alitikisa kichwa. Alieleza kuwa hakumfananisha, alimwona. Mwanya wa meno, mashavu, nywele zilizosukwa kwa uzi mwekundu, vile alivyomsuka mwenyewe Jumapili kabla ya kuja kwenye mafunzo. Mtoto wake alikuwa nyumbani kwa bibi yake, salama. Basi alifikaje ndani ya gari la kumbukumbu ya zamani ya mtu mwingine?

Kituo cha Mugera kilikuwa juu ya vilima vya Buha, mahali ambapo ukungu huchelewa kuondoka na mabati hudondosha maji hata siku ambazo mvua haikunyesha. Walifundishwa pale wadadisi, wale wanaokaa kwenye malango ya mipaka na vishikwambi mkononi, wakiwauliza wasafiri watokako na waendako, ili mashirika ya misaada yajue watu wanahamia wapi na wanahitaji nini. Tangu tambarare za kati zikauke, watu walipita kwenye malango hayo kama siafu waliofukuzwa na moto. Na miongoni mwao walikuwemo waliouzwa.

Waliouzwa hawakuja na minyororo. Walikuja wamevaa nguo safi, wana vitambulisho halali, wamefuatana na mtu waliyemwita mjomba. Walikuwa wanapelekwa kwenye mabanda. Huko mtu alifungiwa mbele ya kioo, akashikishwa vishikio viwili, akawa macho na mikono ya mtambo uliokuwa ukichimba madini chini ya bahari, upande mwingine wa dunia. Mitambo ilikuwa na akili nyingi, lakini katika tope lile la giza bado ilihitaji binadamu wa kuamua, na binadamu wa kulipwa alikuwa ghali. Mtu akitoka bandani, kama alitoka, vidole vyake havikutulia tena maisha yake yote.

Darasani Edista aliwaambia wadadisi wake waangalie mambo matatu: mtu amefanywa nini, amefanywa hivyo kwa njia gani, na kwa lengo gani. Amechukuliwa, akasafirishwa, akafichwa. Amedanganywa, au ametishwa, au ameshikwa pale penye shida yake. Na mwisho wa safari kuna anayemnyonya. Aliwakataza kujifanya mashujaa. Ukimshuku mtu, usimkabili mwenzake, usimvute mkono, usimwulize mbele ya anayemwogopa. Tuliza uso wako, maliza maswali yako, kisha peleka habari kimya kimya kwa watu wa ulinzi. Ukikosea, atakayepigwa si wewe.

Kisha alifika kwenye ridhaa, somo alilolipenda kuliko yote. Wadadisi wengi waliamini kwamba mtu akisema amekubali, yameisha. Edista aliwaambia hapana. Mtu aliyebanwa mahali asipoweza kukataa, hata akisema ndiyo kwa sauti, hajakubali kitu. Waliandika maneno hayo, wakatikisa vichwa, na Edista alijua kwamba bado hawajaelewa. Hakuna aliyeelewa mpaka alipoingia chumba cha pili.

Katika chumba cha pili, nyuma ya pazia la kijani, alikaa Perusi Nyamoga, aliyewahi kuuzwa na kutoka bandani.

Mwanzoni mafundi walijaribu kunakili kumbukumbu zake na kuzihifadhi, wanafunzi wazitazame tu. Haikufaa. Nakala ilibeba sura na sauti, lakini hofu haikuja nayo. Wadadisi walitoka humo kama watu waliotazama sinema, wakasifu, wakaenda kula. Ndipo ilipogunduliwa kwamba hofu husafiri pale tu mwenyewe anapokumbuka, saa ileile, huku utepe wake umeunganishwa na tepe za wengine. Kwa hiyo kwa kila kundi Perusi aliketi kwenye kiti chake kirefu, akafumba macho, akarudi kwenye lango lile. Edista naye alivaa utepe kila mara, ili awepo humo ndani na kuwavuta nje ikibidi.

Waliyoyaona yalikuwa machache. Perusi na mdogo wake Leonsia wamesimama kwenye foleni. Mjomba ambaye si mjomba yuko nyuma yao, amemwekea Perusi vidole mgongoni, kwa upole kabisa. Mdadisi kijana, mwenye adabu, kalamu iko sikioni, anauliza: je, mnasafiri kwa hiari yenu? Perusi anamtazama mdogo wake. Leonsia anamnong'oneza, "Dada, sema." Na Perusi anasema ndiyo. Kijana anabonyeza kishikwambi, anawatakia safari njema. Jioni yake, kwenye kituo cha kwanza, Leonsia anashushwa na kupandishwa gari jingine, na dada yake hakumwona tena.

Aliyepita humo hakuuliza tena swali lile mbele ya mtu wa tatu. Hilo lilikuwa hakika. Wadadisi wa Mugera walikuwa wakiwatambua waliouzwa kwenye malango ambako wengine waliwapitisha wote.

Siku ile, baada ya Odeta kutulia, Edista aliwaita wanafunzi mmoja mmoja na kuwauliza Leonsia alikuwa na sura gani. Gaudensi Ruhuza, aliyekuwa katekista kabla ya kanisa lao kufukiwa na maporomoko, alimtaja binti mrefu mwenye shingo ndefu, akasita, akasema alimkumbusha marehemu dada yake. Mwingine alimwona mweusi, mnene kidogo. Mwingine alimwona mke wake, enzi za uchumba wao. Hakuna wawili waliomwona mtu mmoja.

Alasiri Edista alimkuta Perusi kwenye kibaraza cha jiko, anachambua maharage. Alipenda kazi hiyo japo vidole vyake vilitetemeka na punje zikamponyoka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkubwa kwa Edista kwa miaka michache, mchache wa maneno. Edista aliketi, wakaongelea ukungu na bei ya chumvi, halafu akamwomba amweleze sura ya Leonsia.

Uso wa Perusi ulichangamka. Alisema mdogo wake alikuwa na mwanya. Mashavu ya kufinyika. Nywele alipenda kuzisuka kwa uzi mwekundu.

Edista alishika punje ya maharage, akaitazama kwa muda, akairudisha kwenye ungo.

*

Bwana Mhando, msimamizi wa mafunzo, alikuwa na ofisi Kigoma mjini, na uso wake ulipojitokeza kwenye kioo cha ukutani alionekana amechoka. Hakuwa mtu mbaya. Edista aliwahi kumwona akikesha na manusura hospitalini, akiwashikia dripu kwa mkono wake. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakiri kwamba mafundi walijua tangu mwanzo. Kumbukumbu si jiwe, alisema, ni njia ya miguu. Kila anayepita huibadilisha kidogo. Perusi anapokumbuka akiwa peke yake, anaikanyaga mwenyewe. Anapokumbuka na darasa zima, wote wanaikanyaga, na kila mmoja anaacha unyayo wake. Hofu ilikuwa imezama sana, ndiyo maana bado ni yake. Uso ulikuwa mwepesi.

Alimkumbusha kwamba Perusi alisomewa hayo yote kabla ya kuanza, akakubali.

Edista alimwuliza kama Perusi alipokubali alikuwa na mahali pengine pa kwenda. Alikuwa ametoka bandani, hana nyumba, vidole vyake haviwezi kushika jembe, na watu waliomsomea ndio hao waliokuwa wakimlisha. Yeye Edista kila mwezi aliwafundisha watu kwamba ndiyo ya namna hiyo si ndiyo.

Bwana Mhando hakukasirika. Alijipangusa macho.

"Kundi la mwezi jana liliteremsha vijana waliouzwa kutoka kwenye lori," alisema. "Umewaona wale vijana, Edista. Umekula nao. Sasa nipe njia nyingine ya kuwafundisha hawa watu, nami nitakifunga kile chumba leo hii. Unayo?"

Hakuwa nayo.

Aliomba kitu kimoja tu: nakala ile ya kwanza, ya wakati wa majaribio, iliyowekwa kando kwa kuwa haikuwa na hofu. Bwana Mhando aliuliza ya nini. Edista alisema ni mali ya Perusi.

*

Alimweleza kila kitu kwanza. Alifunga mlango, akaketi mbele yake, si pembeni, akamwambia kwa maneno mepesi: kila unapotuongoza kule, tunamchafua mdogo wako. Yule wa uzi mwekundu ni mtoto wa Odeta. Perusi alisikiliza mikono ikiwa mapajani, inatetemeka. Edista alimwambia kwamba upo uso wa kweli, umehifadhiwa, na kama anataka atamwonyesha.

Perusi alijivisha utepe mwenyewe. Nakala ilikuwa fupi. Edista alisubiri, akitazama kope za yule mwanamke zikichezacheza, akimwomba Mungu kimoyomoyo. Alikuwa amejiandaa kwa kilio. Alikuwa ameweka na kitambaa mezani.

Perusi aliufungua utepe taratibu, akauweka mezani.

"Ni binti mzuri," alisema. "Lakini simjui."

Edista alimwambia ndiye Leonsia. Perusi alijibu kwa upole, kama anayemfariji mtoto, kwamba anaamini, maana mwalimu hawezi kumdanganya. Alijaribu mara ya pili, na ya tatu. Alimsikia akisema dada, sema, na sauti aliijua. Ila uso ulikuwa wa mtoto wa watu.

Edista alilia yeye. Aliposhindwa kujizuia aliomba radhi, akasema kuanzia leo basi, hataketi tena kwenye kiti kile. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Perusi alimkatalia.

"Mwalimu, wewe kazi yako ni kuwafundisha watu kuuliza. Basi na mimi niulize vizuri. Mlango umefungwa. Hakuna mtu mgongoni kwangu."

Edista alipangusa uso. Alimwuliza kama angekuwa na mahali pengine pa kwenda, angekaa kwenye kiti kile?

"Ninapo," Perusi alisema. "Mama yangu mdogo yuko Heru, ameniita mara nyingi. Siendi. Kule nitakuwa mtu aliyepotelewa na mdogo wake. Hapa, kila mkifungua, yupo ubavuni kwangu, ananiita dada. Uso aje nao wowote."

Akachukua kitambaa kilichokuwa mezani, akampa Edista.

*

Kundi lililofuata lilikuta chumba cha pili kimefungwa. Edista alikuwa amefunga kwa ufunguo wake mwenyewe, bila idhini ya mtu, na hakumwambia Perusi kabla. Labda alijua angejibiwa nini. Aliwafundisha kwa mdomo. Alipanga viti viwe foleni ya lango, akamfanya mmoja mjomba na mwingine msafiri, akawarudisha mwanzo kila walipokosea, mpaka koo lilipokauka. Walikuwa watu wenye bidii. Walijibu maswali yote sawasawa. Kati yao alikuwepo Restituta, muuguzi wa zamani, mwangalifu kuliko wenzake, na Edista alipomtazama akijizoeza, alijipa moyo kwamba pengine ilikuwa inawezekana.

Perusi hakuja darasani wala jikoni. Alimwachia Edista chakula mezani kimefunikwa, kama kawaida, na hakusema naye.

Restituta alipangwa kwenye lango la kusini, meza moja na Odeta. Waliyoyafanya pale yalifika Mugera siku moja, habari mbili pamoja. Asubuhi lilipita gari dogo lisilo na dereva, ndani yake vijana wa kiume na shangazi yao. Restituta aliwaita mmoja mmoja kando, kama alivyofundishwa. Aliuliza maswali yote kwa utaratibu. Wote walisema wanakwenda kuvuna chai, na shangazi alikuwa mcheshi, akampa hata ndizi. Aliwapitisha. Mchana lilikuja gari la namna ileile, ndani yake wasichana wawili na mjomba wao. Odeta alikuwa hajauliza swali hata moja. Baadaye alisema alihisi tu vidole mgongoni. Alimwomba yule mjomba aende akapimwe joto kwenye hema la jirani, akatabasamu, akazuga na kishikwambi chake, na watu wa ulinzi walipofika wasichana wale walikuwa wamemng'ang'ania magotini kama watoto wadogo.

Wale vijana wa asubuhi walitafutwa. Gari lilikutwa porini, milango wazi, maganda ya ndizi sakafuni.

Restituta aliacha kazi. Alimwandikia Edista maneno machache ya kumshukuru kwa mafunzo, bila lawama, na Edista alitamani angemtukana.

Bwana Mhando alikuja mwenyewe. Aliketi na Edista kwenye kibaraza, akaikunja kofia yake mikononi, akasema hakuja kumhukumu. Kama angekuwa na umri wake pengine naye angefunga mlango. Lakini sasa kulikuwa na vijana waliopotea ambao mtu alipaswa kuwahesabu upande fulani, na hakujua awaweke upande gani. Perusi amempigia simu mara mbili, alisema. Anataka kiti chake.

Edista alimwuliza itakuwaje hofu nayo ikianza kuchakaa, kama uso. Bwana Mhando alitazama ukungu. Alijibu kwamba mafundi walishaanza kuzungumza na manusura wengine.

Alimwomba ufunguo. Edista alishika mfuko wake kwa muda mrefu kabla ya kuutoa ufunguo. Alimpa. Siku zote za maisha yake hakuweza kujieleza vizuri kwa nini alimpa: kama ilikuwa kwa sababu ya wale vijana, au kwa sababu ya Perusi, au kwa sababu tu alikuwa amechoka kuwa peke yake upande ule. Alikataa kuvaa utepe tena, na kwa hiyo hakuweza kuendelea kufundisha. Walimpeleka lango la kusini, meza ile aliyoiacha Restituta.

Alikaa huko misimu miwili ya mvua, mvua ambazo zilinyesha milimani tu na kuiacha tambarare ikipasuka. Alijifunza kuuliza na kushuku na kukosea. Wapo aliowaokoa. Wapo aliowapitisha, na hawa ndio waliomjia akifumba macho. Odeta alikaa kando yake na kumtambua kila mtu kabla yake, na kila alipomtambua alikwenda nyuma ya hema, akajiinamia kwa dakika, akarudi kazini. Hakuwahi kusema anaona nini. Mwanawe alikuwa amekua, alisema, ameanza kukataa kusukwa.

Habari za Mugera zilikuja na kila kundi jipya. Mkufunzi mpya alikuwa hodari. Bi Perusi alikuwa mzima, anakula, ila anachanganya majina ya watu. Mmoja alisema humo ndani binti yule hana tena uso wowote anaodumu nao. Hubadilika hata kabla hujamaliza kumtazama. Hofu, alisema, bado ilikuwa kali.

Edista alijizuia kwenda mpaka ilipomshinda. Alifika asubuhi, akapanda kilima kwa miguu, akamkuta Perusi ameketi kwenye kibaraza cha jiko juu ya mkeka, kanga mabegani. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi. Vidole vilikuwa vinatetemeka juu ya ungo mtupu.

Perusi aliinua macho. Alimtazama Edista, na Edista aliona kitu kikipita usoni pake, kitu kikitafuta mahali pa kutua. Alikuwa ameingia humo ndani na Perusi kuliko mtu mwingine yeyote. Kila darasa, kila safari, alikuwa amesimama kwenye foleni ile.

Kisha Perusi akatabasamu tabasamu ambalo Edista hakuwahi kuliona, likamfanya kijana. Akajisogeza, akapigapiga mkeka kando yake.

"Leonsia," alisema. "Umechelewa sana."

Edista alibaki amesimama. Alikuwa amewafundisha watu wengi kwamba usimwekee mtu maneno mdomoni, usimpe jibu analolitaka, mwambie wewe ni nani na umetoka wapi. Jina lake lilikuwa tayari ulimini. Ndani, mkufunzi mpya alikuwa anawaita wanafunzi wake waingie, na viti vilisikika vikiburutwa.

Alivua viatu, akaketi mkekani, akaishika ile mikono miwili ili itulie.

"Nimechelewa, dada," alisema.